Tangi Lililofungwa Kama Mtumbwi

Mume wangu anadai mikono yangu bado inanuka dizeli. Nimestaafu, nimeisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, hata kwa yale manukato ambayo binti yangu huniletea kutoka Malindi, lakini nikimpa chai bado anakinusa kikombe kwanza. Mwacheni. Chai yenyewe anaimaliza.

Nawaandikia nyinyi mlioshika kazi yangu pale kisimani, na hasa wewe Zamzam, uliyeniuliza juzi kama lile tangi la chuma la kando ya barabara liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Ulisema, "Mathe, siku hizi ni sola. Hiyo kitu inakaa tu hapo kama mbuzi ya mtu." Nilicheka nikaenda zangu bila kukujibu. Jibu lake ni refu, na nikikueleza kwa mdomo utanikatiza kabla sijafika katikati. Nakujua. Basi kaa chini usome.

Kwa asiyekijua kijiji chetu, kiko juu ya mwinuko, si mbali na Garsen barabara ikiwa kavu, na mbali sana ikiwa na maji. Juu wanakaa Waorma na ng'ombe wao. Chini, kwenye kingo za mto, ni sisi Wapokomo na migomba yetu, mpunga na mahindi. Mimi ni wa Ndera, nikaolewa huku, na ndoa ikanileta karibu na kisima. Kisima kiko juu, pamoja na injini ya kuvutia maji. Tangi la dizeli liko chini kando ya barabara, kwa sababu boza la mafuta haliwezi kupanda mchanga wetu. Madereva wamejaribu. Mmoja alizamisha magurudumu mpaka akashuka, akaketi kivulini, akaomba uji.

Kwa hiyo mafuta yalimiminwa chini, na kila siku yakapandishwa juu kwa punda, kwenye mitungi ya plastiki, mpaka kwenye tangi dogo la injini. Kulitunza tangi la chini ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Watu walidhani nalinda mafuta yasiibiwe. Wezi hawakunisumbua sana. Adui yangu alikuwa maji.

Aliyenifundisha ni Mzee Guyo, Muorma aliyekuwa na ng'ombe wengi mpaka ukame ukamwacha na fimbo tu. Kamati ya kisima ikampa kazi ya tangi, naye akalitunza kama alivyojua kutunza mnyama. Asubuhi alilizunguka, akaligonga ubavu kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kwenda chini, sikio limelala kwenye chuma. Palipolia palikuwa na hewa, na sauti ilipozibwa ndipo mafuta yalipoanzia. Kisha alichutama chini ya koki akaniambia, "Kamua."

Mara ya kwanza sikumwelewa. "Nikamue nini, mzee?"

"Tangi. Hii tangi iko na maji ndani. Maji iko na adabu, inakaa chini. Wewe fungulia yeye mlango, atatoka."

Nikafungua koki kidogo juu ya chupa ya soda. Yakatoka maji, kisha matone yaliyochanganyika, kisha dizeli. Aliinua chupa juani nikaona mstari, maji chini, mafuta juu, kila mmoja na mahali pake. Niliuliza maji yameingiaje na kifuniko kimefungwa. Akasema tangi linatoka jasho. Mchana hewa iliyo ndani inapata joto, usiku inapoa, jasho linashika kwenye chuma kwa ndani na kutiririka mpaka chini. Hewa ikiwa nyingi, jasho ni jingi. Ndiyo maana tangi lililojaa hadi shingoni ni salama kuliko lililobaki nusu, na ndiyo maana msimu wa mvua haupaswi kukukuta na nusu. Sikupata darasa jingine la fizikia maishani, na hilo lilinitosha.

Nilikamua tangi kila asubuhi kwa miaka yote niliyofanya kazi. Mgeni akipita na kunisikia nikimwambia mtu, "Ngoja, sijakamua," alikuwa akitafuta ng'ombe yuko wapi.

Guyo alinifundisha na mengine. Kwamba mafuta ukiyasugua kati ya vidole yakakauka haraka na kuacha ngozi ikiparara, yamechanganywa na mafuta ya taa, na dereva arudi nayo alikoyatoa. Kwamba pindo la tangi likianza kuvuja, kipande cha sabuni ya kufulia, ile ngumu, kikikandwa na kusuguliwa penye ufa kitaziba mpaka fundi apatikane, kwa sababu dizeli haiwezi kuiyeyusha. Aliunga bomba refu kwenye tundu la kupumulia lililo juu ya tangi, refu kupita kichwa cha mtu, ili mvua na maji ya barabara yasipate njia. Kijiji kizima kilicheka. Walisema tangi letu limewekwa antena, sasa tutasikiliza redio.

Na alinifundisha kwamba mtungi ulioingia dizeli haurudi tena kwenye maji. Hili kijiji hakikulisikia mpaka kilipoonjeshwa. Siku ya harusi moja, sitaji ya nani, mtu aliyepungukiwa na mitungi alichukua mmoja wa mafuta, akauosha kwa sabuni na mchanga mpaka akaridhika nao, akaujaza maji ya pilau. Pilau ikaiva. Shangazi za bibi harusi wakatafuna, wakatazamana, wakamlaumu mpishi kwa bizari iliyooza. Mpishi akaapa. Mimi nilijua kwa tonge la kwanza, lakini nilikuwa mgeni wa upande wa bwana harusi, nikanyamaza nikala ndizi. Tangu siku hiyo mitungi ya mafuta ilipakwa rangi nyekundu, na mama yeyote ukimwomba mtungi wake wa maji utie dizeli angekufukuza na mwiko. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililotufikisha pabaya.

Mwaka ule wa mafuriko makubwa Mzee Guyo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kazi ilikuwa mikononi mwangu. Hapa kwetu mto haungoji mvua ya hapa. Jua linawaka, nguo zinakauka kambani, na mto unapanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha bara kwa watu wengine. Nilikuwa nimeagiza boza mapema. Halikuja, likaahidi, halikuja tena. Mwishowe dereva akanipigia simu kutoka Garsen.

"Mama, barabara imekatika. Hata trekta imerudi."

"Na mafuta yangu?"

"Mafuta iko hapa na mimi. Sote tunaangalia maji."

Nikaligonga tangi. Lililia kuanzia juu mpaka katikati. Nusu. 

Watu wa mashambani wakaanza kupanda juu na mikeka, kuku, masufuria na wazee wao. Waorma waliwapisha kwenye boma, wakawapa maziwa ya kuanzia. Miongoni mwao alikuja binti yangu Zuhura, mumewe akimsaidia kuvuka, na mjukuu wangu Bakari amefungwa mgongoni. Bakari alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Njiani alikuwa na kiu, na wakampa kile kilichokuwapo, maji ya mafuriko yaliyopita kwenye vyoo na mazizi ya watu wote. Jioni ile alianza kuhara. Asubuhi alikuwa hataki kushuka mgongoni.

Tulikuwa na muuguzi mmoja, Sista Kadzo, aliyenaswa na mafuriko akiwa huku kwa kazi ya chanjo. Alimkagua Bakari, akabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili na kuiachia, akaitazama inavyorudi polepole. Akatoa pakiti za ile dawa ya chumvi na sukari.

"Hii inamsaidia kabisa," alisema, "lakini ikorogwe na maji safi. Ukiikoroga na maji ya mto unamrudishia ugonjwa ule ule."

"Tuyachemshe," Zuhura akasema.

"Kwa kuni gani, mama? Angalia."

Tukaangalia. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na zile kavu za wenyeji wa juu zilikwisha kwa kupikia umati. Ilibaki kisima. Injini ikiwaka, maji yaliyotoka ardhini yalikuwa safi. Injini ikizimika, Bakari na watoto wengine waliokuwa wanaanza kama yeye walibaki na mto. Hapo nadhani hakuna haja ya kueleza tangi lilikuwa na maana gani kwangu.

Mwenyekiti wa kamati akapendekeza tulimwage tangi lote tupandishe mafuta juu kabla maji hayajafika barabarani. Lilikuwa wazo zuri. Ila tuimimine dizeli wapi? Mitungi myekundu ilikuwa michache, na tangi dogo la injini lilishajazwa. Mitungi mingine yote ilikuwa imeshikwa na akina mama kwa maji ya kunywa, na wote walikuwa wanaikumbuka pilau. Nilijaribu kuomba. Bibi mmoja alinitazama tu akaukalia mtungi wake. Kweli ningemlaumu vipi?

Sasa hapa sikilizeni, wanangu. Tangi lililojaa, mafuriko yakilikuta, linatulia kwa uzito wake. Tangi lenye hewa nyingi litaelea. Chuma, ndiyo, litaelea, kwa sababu lina tumbo la hewa, na dizeli yenyewe ni nyepesi kuliko maji. Likielea linaondoka, na likiondoka tungeliulizia Kipini, mto unakomwagikia baharini. Dawa yake ni kulifunga kwa kamba na kulikaza kwenye miti mpaka lisiweze hata kutikisika.

Nikamwita Komora. Komora ni binamu yangu upande wa mama, mkulima wa chini kule, na hakuna mtu aliyejua kamba kumshinda. Alikuwa na mtumbwi aliouchonga mwenyewe, na mafuriko yalimpa heshima ambayo kiangazi kilimnyima. Nikamwonyesha miti miwili ya mikoma pembeni ya tangi.

"Kaza," nikamwambia. "Huku na huku. Lisipate nafasi hata ya kupumua."

Akaguna. "Dada, kamba ya chombo unaiachia. Maji ikipanda, chombo inapanda. Ukikaza, chombo inazama pale pale."

"Hiki si chombo, ni tangi."

"Kitu iko na tumbo ni chombo."

Ningebishana naye mpaka maji yatufike magotini, lakini Zuhura aliniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Nikaikaza koki, nikaifunga kwa kufuli, nikakaza kifuniko cha juu, nikamwambia Komora afanye nilivyosema, nikakimbilia juu. Naye, bila shaka, alifanya alivyojua yeye. Alilifunga tangi kama mtumbwi, kamba ndefu nzuri, mafundo safi, na ulegevu wa kutosha kupanda na maji.

Kesho yake maji yaliipita barabara. Nilisimama ukingoni mwa mwinuko nikaona kitu ambacho sijakiona tena. Tangi letu lilikuwa linaogelea. Limenyanyuka kwenye matofali yake, limelala kidogo ubavuni, antena ya Mzee Guyo imesimama juu ya maji, linazunguka taratibu mpaka kamba ilizuie, kisha linarudi. Watoto waliokuwa wazima walicheka. Mimi niliangalia chini yake. Bomba la kutolea mafuta lilikuwa limevunjika lilipogonga matofali, na juu ya maji kulikuwa na rangi zile za dizeli, bluu na zambarau, zikitembea kuelekea baharini.

Komora akaja kusimama kando yangu. "Lakini haijaenda," akasema.

Wakati huo huo, nyuma yetu, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mafuta ya tangi dogo yalikuwa yamekwisha, na ya mitungi myekundu nayo. Foleni ya mitungi ikasimama nayo.

Nilipita kumwona Bakari. Alikuwa analia, na machozi hayatoki, na tangu jana hajakojoa. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Sista Kadzo alikuwa na kikombe kimoja tu cha maji ya kisima kilichobaki kwa ajili yake, anampa kwa kijiko. Nikachukua sabuni ya kufulia kwenye beseni la Zuhura nikashuka.

Ndani ya mtumbwi Komora alikuwa nyuma na upondo, mimi mbele, na tulibishana njia nzima. Nilimwambia angekaza yasingetokea haya. Akaniambia angekaza sasa hivi tangi lingekuwa chini ya maji, na mimi ningekuwa napiga mbizi na sabuni yangu. Nikamwambia anyamaze apige upondo. Tulipolifikia nikalipapasa lote kama nilivyofundishwa. Koki ilikuwa nzima, kufuli yake ipo, bomba lilivunjikia mbele yake. Palipovuja ni pindo la chini, palipochanika kwa kugonga tofali, ufa mwembamba wa urefu wa kidole. Nikazamisha mikono mpaka mabegani, uso umegusa maji, nikakanda sabuni ndani ya ufa, nikasugua, nikakanda tena, mpaka rangi zile zikakoma kutoka.

Nilipoinua kichwa Komora alikuwa ameshafungua kamba moja kwenye mkoma na kuifunga kwenye mtumbwi. Nikamuuliza anafanya nini.

"Si inaelea? Basi twende na yeye juu."

Nawaambia kweli, sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nawaza jinsi ya kulirudisha mahali pake. Tangi ambalo halikuweza kupandishwa na boza, wala na trekta, mto ulikuwa umelibeba, na tulichotakiwa kufanya ni kulionyesha njia. Komora akapiga upondo, mimi nikalisukuma kwa mguu lilipotaka kugeuka, na tukaenda kama watu wanaomsindikiza mzee mnene kwenye sherehe. Tulipofika maji yalipoishia vijana wa Kiorma walikuwa wamejipanga na kamba zao. Hao walizoea kuwavuta ng'ombe kutoka matopeni. Walilivuta kwa wito ule ule, "Hoo, njoo mama, njoo," huku watu wa chini wanasukuma kwa mabega, Wakristo na Waislamu, wenye mashamba na wenye mifugo, mpaka tangi likapanda nchi kavu na kutulia kwenye magogo hatua chache kutoka kwenye injini.

Watu wakashangilia. Mwenyekiti akaleta mtungi mwekundu yeye mwenyewe. "Fungua, mama, tuwashe."

Nikakinga chupa, nikafungua koki. Kilichotoka kilikuwa kama chai ya maziwa.

Mnajua kwa nini. Tangi lilikuwa limetikiswa, na maji na uchafu wote wa chini ulikuwa umepanda na kuchanganyika na mafuta. Ukiyatia hayo kwenye injini, itawaka ikohoe mara chache, kisha nozo zinazopuliza mafuta zitaharibika, na fundi wa nozo alikuwa Malindi, ng'ambo ya maji yote yale. Mafuta yaliyotikiswa yanaachwa yatulie. Maji yatashuka yenyewe, lakini kwa wakati wake, na wakati ndicho kitu ambacho hatukuwa nacho.

Nikafunga koki. "Bado," nikasema.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Mwenyekiti alisema mafuta ni mafuta. Mtu mmoja akasema nimepata wapi kiburi hiki. Hata Komora akaninong'oneza, "Dada, jaribu kidogo tu." Kisha umati ukapisha, na Zuhura akaja akiwa amembeba Bakari, kichwa cha mtoto kimelala mkononi mwake kama hakina shingo.

"Mama," akasema, "washa."

Nilimpenda mtoto yule kuliko pumzi yangu. Na nilijua kwamba nikimsikiliza mama yake, injini ingekufa pale pale, na Bakari na wenzake wangekunywa mto kwa wiki nzima. Nikamwambia, "Mwanangu, nikiwasha sasa sitawasha tena." Alinitazama kwa namna ambayo natumaini hamtatazamwa kamwe na watoto wenu. Kisha akageuka akarudi kwa Sista Kadzo.

Nikaketi mbele ya koki na kuuegemea ubavu wa tangi ili mtu asiniondoe. Jua likahama. Nikakamua kidogo, maji ya udongo. Nikangoja. Nikakamua, maji, meupe kidogo. Nikangoja. Watu walichoka kunitukana wakaketi nao. Niliogopa sana, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa nasikiliza kila sauti kutoka upande wa Zuhura, na niliogopa zaidi sauti zilipokoma. Kivuli cha antena kilikuwa kimefika kwenye mlango wa banda la injini nilipofungua tena, na kwenye chupa yakatoka matone machache ya maji, kisha dizeli safi, ya rangi ya asali changa. Nikaiinua juani. Hakukuwa na mstari.

Tukayachuja hata hivyo, kupitia kanga mbili mpya ambazo mama mmoja alizitoa bila kuombwa. Nikajaza tangi dogo, nikalegeza nati ya filta, nikatoa hewa mpaka povu likaisha, nikakaza. Komora akazungusha mpini. Injini ikapiga chafya. Akazungusha tena. Ikashika, ikatetemeka, ikatulia kwenye mlio wake wa kawaida, ule ambao miaka yote ulinipa maumivu ya kichwa na ambao siku ile niliusikia kama kheri tupu. Bomba la kisima likatema hewa, kisha maji. Wa kwanza kukinga alikuwa Sista Kadzo mwenyewe, na hakuna aliyempinga.

Maji yaliposhuka tuliliteremsha tena kwa magogo mpaka kando ya barabara, na hapo ndipo mnapoliona leo. Zamzam, tangi lisiuzwe. Sola ni nzuri, na nakuonea wivu mwema unapolala usingizi wakati jua linakufanyia kazi. Ile sensa yako inayokwambia kwenye simu mafuta ya tangi dogo yamefika wapi naipenda zaidi, maana magoti yangu hayataki tena kuchutama. Lakini msimu wa mawingu jua nalo huenda likizo, na barabara yetu bado inakatika. Lijazeni kabla ya mvua. Likamueni hata kama halitumiki. Uwekeni mche wa sabuni bandani na mtu asiuchukue kufulia. Likiwa limejaa, funga na ukaze. Likikukuta nusu, mwite Komora au mwanawe, umwache alifunge anavyojua. Mimi na yeye bado tunabishana kuhusu kamba ile kila Idi na kila Krismasi, naye husema ushindi ni wake kwa sababu tangi lipo. Mbele yake sikubali. Hapa naandika tu, na msimpelekee.

Siku ile, baada ya kupima mafuta na kuhakikisha sabuni imeshika, nilikwenda kwa Zuhura. Alikuwa amesinzia kwa kukaa, mgongo kwenye nguzo. Alipofumbua macho akaniwekea Bakari mapajani, akanipa kikombe na kijiko, akalala. Nikaendelea pale alipoishia. Kijiko, ngoja, kijiko, ngoja. Mtoto alimeza, akafumba macho, akameza. Sikuthubutu kuomba dua kwa sauti, niliiomba kimoyomoyo, na mikono yangu ilinuka dizeli hivyo niliogopa atatapika.

Kisha nikasikia joto kwenye paja. Lilienea polepole, likapita gauni, likapita kanga, likateremka mpaka kwenye mkeka. Nikamwinua Bakari kidogo kumtazama. Alikuwa amenikojolea, mkojo mwingi, na ananitazama kama anayesubiri kugombezwa.

Nikamwita Sista Kadzo. Alikuja mbio akidhani ni baya, akaona mkeka ulivyolowa, akachuchumaa akacheka huku anajifuta macho kwa kiwiko. "Hilo ndilo nililokuwa nangoja tangu jana," akasema. "Mbadilishe mtoto. Na wewe, mama, kabadilishe nguo."

Mtoto nilimbadilisha. Mimi nilikaa vile vile, nimelowa, mpaka gauni likakaukia mwilini.